Sijambo, Ila Mguu

"Tena, bibi," alisema Sikudhani. "Mimi ndiye Kioo, nakusalimu. Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Za kwako?"

Sikudhani alishusha pumzi, akakivuta kigoda chake karibu zaidi na kitanda.

"Amekufa," alisema Mzee Shomari, mume wa bibi, aliyekuwa ameketi upande wa pili. "Sista, mwambie kwamba hapo amekufa. Labda akijua atajifunza."

"Nimesalimiwa," alisema Bi Somoe. "Mtu akisalimiwa afanye nini, abweke?"

"Aseme 'sina hali.' Maneno mawili tu. Kuku angekuwa ameshayajua."

"Basi mpeleke kuku."

Walikuwa kwenye kazi hiyo tangu asubuhi, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya wilaya, katika nchi ambayo jina lake tunaliacha, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa. Sikudhani alikuwa muuguzi wa wodi hiyo. Bi Somoe alikuwa mgonjwa wake, mwenye kisukari cha miaka mingi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umelazwa juu ya mto. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Weusi ulianzia huko, ukawa unapanda taratibu kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kila asubuhi Sikudhani alichora mstari kwa kalamu ya buluu mahali weusi ulipofikia, na kila asubuhi iliyofuata aliukuta umeuvuka mstari. Kalamu ile ilikuwa kifaa pekee wodini ambacho matumizi yake hayakuhitaji kibali.

Mguu ule ulipaswa kukatwa, na mapema, ili mwenye mguu abaki. Kukatwa kulifanyika Hospitali Kuu. Hospitali Kuu haikumpokea mtu ambaye Kioo hakijamwashia taa nyekundu, na gari la wagonjwa halikuruhusiwa kuwashwa kabla ya taa hiyo. Tangu Kioo kianze kuamua chenyewe, Bi Somoe alikuwa amekwenda mbele yake mara moja, akapewa ya kijani, maana yake amepona. Leo alikuwa anakwenda mara ya pili. Aliyepona mara tatu alihesabiwa amepona kabisa, na hakuruhusiwa kuugua tena mpaka mwaka wa fedha uishe.

"Haya," alisema Sikudhani. "Hujambo, bibi?"

Bi Somoe alifumba macho. Midomo ilimtetemeka kidogo, kama ya mtu anayeshurutishwa kutukana.

"Sina hali," alisema.

"Hapo sawa."

"Mwanangu," aliongeza, ili lisiwe kavu sana.

*

Ni vizuri kueleza Kioo kilifikaje, kwa sababu kilikuja kwa nia njema. Nia njema ndiyo iliyokuwa bajeti yote ya mwaka ule.

Zamani hospitali ile ilikuwa na daktari mmoja, Daktari Ngwali, ambaye alikaa chumba cha pili kutoka mlangoni. Alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alipotaka kujua hali ya mguu wa Bi Somoe aliinama, akavibinya vidole kimoja kimoja na kuuliza, "Huyu unamsikia? Na huyu?" kana kwamba vidole ni watu. Wizara ya Afya ilipopata habari kwamba wagonjwa wanatoka kitandani na kutembea hadi chumba cha pili kumfuata daktari, ilisikitika sana. Ikaamua kumsogeza daktari karibu nao. Ili kumsogeza karibu, ilibidi kwanza ahamishiwe makao makuu, safari ya siku nzima kwa basi, akakae mbele ya kamera. Juu ya kiti alichokiacha hospitalini kiliwekwa kioo kikubwa chenye taa mbili juu, ya kijani na nyekundu. Hiyo iliitwa tiba mtandao, na wataalamu wanasema kwingineko imeokoa watu wengi. Hatuna sababu ya kuwabishia.

Jenereta la chumba cha upasuaji lilihamishiwa kwenye Kioo. Upasuaji haukuathirika, kwa kuwa wapasuaji nao walikuwa wamesogezwa karibu.

Siku ya uzinduzi, wagonjwa walitolewa vitandani wakapangwa kwa urefu. Waziri alitokea kwenye Kioo, akiwa makao makuu, na mkasi mkononi.

"Ndugu wananchi," alisema waziri, "jana mgonjwa alimfuata daktari. Leo daktari anamfuata mgonjwa bila kuondoka alipo. Umbali tumeuua. Tumeuzika. Na leo hii tunauwekea jiwe la msingi."

Wenye mikono mizima walipiga makofi. Waziri akaukata utepe uliokuwa mbele yake kule, akafungua kinywa kuendelea, akasema "na," mtandao ukakatika. Akabaki kinywa wazi, mkasi hewani. Hakuna aliyethubutu kumzima, maana waziri hazimwi. Alikaa hivyo juu ya kiti cha Daktari Ngwali mpaka mafuta ya jenereta yalipoisha yenyewe, na kwa muda wote huo wagonjwa walisimama.

Uligunduliwa baadaye upungufu mdogo. Utepe uliokatwa ulikuwa wa makao makuu. Ule uliofungwa kwenye mlango mkuu wa hospitali ulibaki mzima. Kuukata upya ingekuwa kumkosoa waziri. Kuufungua ingekuwa kuharibu mali ya sherehe. Basi aliajiriwa mlinzi, Makwega, kuulinda, na watu wakaanza kuingilia dirisha la chumba cha kufulia. Wagonjwa wa machela hupitishwa kwa kuinamishwa kidogo. Wamezoea.

*

Miezi ya mwanzo, aliyekuwa ndani ya Kioo alikuwa Daktari Ngwali mwenyewe. "Niinulieni huo mguu niuone," alikuwa akisema, na watu walimwinua Bi Somoe kama gunia, kwa kuwa kamera ilikuwa imefungwa iangalie kifua na uso, na kuigeuza kulihitaji fundi wa kutoka makao makuu. Mara nyingine daktari alionekana amejishika kichwa.

Kisha wizara iligundua kwamba daktari mmoja anahudumia hospitali moja tu, ikaona ni ufujaji. Akapigwa picha akitabasamu, akasalimia na kushukuru mara moja kwa niaba ya siku zote, na picha hiyo ikatumwa nchi nzima. Yeye mwenyewe alipandishwa cheo, akawa anawafundisha madaktari wengine namna ya kupigwa picha. Sasa yumo katika kila hospitali kwa wakati mmoja, na haijulikani anaishi wapi.

Kuanzia hapo, Kioo kilijiendesha chenyewe. Kilimsalimu mgonjwa, kikasikiliza jibu, kikaamua. Fundi aliyekitengeneza alitoka mahali ambapo mtu akiulizwa hali yake, huitaja. Lakini katika nchi ile, kama kwa jirani zake wengi, salamu hujibiwa kwanza na ugonjwa hufuata, kwa sababu ugonjwa haukimbii na adabu ikishaondoka hairudi. Ugonjwa wa mtu hukaa baada ya "ila." Sijambo, ila mguu. Salama, ila mtoto hajaamka tangu jana. Kioo kilisikia "sijambo," kikasikia "salama," kikashukuru, kikawasha taa ya kijani na kuita mwingine. Ila zote zilibaki chumbani, zikiambiwa ukuta.

Taa nyekundu haikuwahi kuwaka. Dereva wa gari la wagonjwa, Mbaruku, alikuwa wa kwanza kusema kwamba huenda haina balbu, akaonywa.

Sikudhani hakuwa mtu wa kelele. Alijaribu kwa utaratibu. Kwanza aliwaambia wagonjwa waseme moja kwa moja, "Naumwa." Kioo kikajibu kwa upole, "Tuanze na salamu kwanza. Hujambo?" Kilikuwa kimefundishwa heshima. Akawaambia wanyamaze. Aliyenyamaza aliandikwa ameridhika. Mzee Shomari alipojaribu kumsemea mke wake, Kioo kilimpokea na yeye, kikamshukuru, kikawahesabu wamepona wawili.

Ndipo seremala mmoja mwenye ngiri, jina lake Chuma, aliyekuwa hodari wa sarufi tangu shuleni, aliposema jawabu liko wazi. "Hujambo maana yake huna jambo. Mimi ninalo. Nitasema nina jambo." Akaketi mbele ya Kioo, akasalimiwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nina jambo."

"Una jambo," Kioo kilisema. "Subiri uunganishwe na Idara ya Mambo."

Aliunganishwa na baraza la ardhi. Aliulizwa jirani anayepakana naye ni nani, na kwa kuwa ni mtu mkweli alijibu. Ngiri yake ilipangiwa tarehe ya kusikilizwa, pamoja na agizo kwamba asiiendeleze mpaka hukumu itoke.

Baada ya Chuma, Sikudhani alikaa na kufikiri kwa siku kadhaa, akayachagua yale maneno mawili. Katika nchi ile hakuna asiyeyajua. Mtu asemaye "sina hali" amefika mwisho. Hata mwenye kumdai humwacha akapumzika.

*

Asubuhi ile ya mazoezi, kabla zamu ya Bi Somoe haijafika, alipita Bwana Mwinyikondo, Afisa Tiba Mtandao wa wilaya. Aliingia kwa dirisha la chumba cha kufulia kama wengine, ila yeye alishikiwa mkoba.

"Sista," alisema, "nimesikia unawafundisha wagonjwa majibu."

"Nawafundisha waseme wanavyojisikia, bwana afisa."

"Wanajisikia vizuri. Wanasema wenyewe. Unajua tumekuwa wa kwanza? Tumepewa tuzo huko nje, watu wamesimama wakatupigia makofi. Mgonjwa wetu anapona kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Nchi zenye pesa zinachukua wiki."

"Hawaponi. Wanajibu salamu."

"Na wewe unataka wasijibu?" Bwana Mwinyikondo aliuliza bila hasira, alionekana kuumia kweli. "Tuwe taifa lisilojibu salamu? Sista, unataka kuirudisha nchi kwenye magonjwa?"

"Huyu bibi mguu wake unaoza."

"Umemuuliza?"

"Nimeuona."

"Kuona ni kazi ya Kioo," alisema afisa, akakisogelea kitanda. Alikuwa amelelewa vizuri, akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Hujambo?"

Sikudhani alimtazama Bi Somoe. Mzee Shomari naye alimtazama, akaikunja midomo kuyatengeneza yale maneno mawili bila sauti.

"Sijambo, baba," alisema Bi Somoe. "Sijui nyinyi huko."

Bwana Mwinyikondo alimgeukia Sikudhani, akafungua mikono yake miwili, akaondoka.

"Huyo si Kioo," Bi Somoe alijitetea baadaye. "Huyo ni mtu. Amenipa na shikamoo."

*

Walimpeleka kwa kiti cha magurudumu matatu, Mzee Shomari akikiinua upande uliokosa la nne. Mbele yao kwenye foleni kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Aliingia, ikasikika "salama," ikawaka kijani, akatoka akiwa bado anasema "ila."

Mbaruku alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amesikia habari za yale maneno mawili, na funguo za gari alikuwa amezishika mkononi.

Ndani, Daktari Ngwali alikuwa anatabasamu. Koti lake lilikuwa jeupe sana. Bi Somoe hakuwa amemwona tangu ile mara ya kwanza, na mara ile alikuwa amemwangalia kwa haraka. Sasa alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka masomoni.

"Hujambo, ndugu mwananchi?" alisema Daktari Ngwali.

"Ngwali," alisema Bi Somoe taratibu. "Hata shikamoo?"

Kioo hakimpi mtu shikamoo. Ni mali ya Serikali, na Serikali haina mkubwa wake. Kilisubiri kidogo.

"Hujambo, ndugu mwananchi?"

"Bibi," alinong'ona Sikudhani.

"Nimesikia, mwanangu." Bi Somoe alikishika kitenge chake kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Kule kona ya Kioo, ndani ya kisanduku kidogo kilichoonyesha kamera inachokiona, alionekana ajuza mmoja kuanzia kifuani kwenda juu, nadhifu, hana kasoro yoyote.

"Sina hali," alisema Bi Somoe. Akasita. "Sina hali, mwanangu."

Alilisema vizuri. Hata ambaye hajui lugha angejua. Mama wa foleni, ambaye alikuwa bado hajaenda mbali, alisimama. Mbaruku akapiga hatua moja kuingia ndani.

Kwenye Kioo kilitokea kiduara kikaanza kuzunguka. Hakikuwahi kuzunguka kwa mtu mwingine. Kwa wengine jibu lilikuwa tayari. Sikudhani aliinua macho kwenye taa nyekundu. Ilikuwa na vumbi, na buibui alikuwa ametanda juu yake. Aliitazama mpaka akadhani imeanza kupata rangi.

"Ahsante," alisema Daktari Ngwali, akitabasamu vilevile. "Mgonjwa hana hali. Pasipo hali hapana tiba. Tunakutakia afya njema. Mwingine."

Ikawaka ya kijani.

*

Mzee Shomari alikiinua kiti upande uleule mpaka wodini. Alimwinua mke wake peke yake, akamlaza, akaurekebisha mto chini ya mguu, akakaa. Mtu ambaye tangu alfajiri alikuwa na la kusema kwa kila jambo sasa alikuwa anaangalia sakafu.

"Nilikosea wapi?" aliuliza Bi Somoe.

"Hukukosea, bibi."

"Nilisema kama ulivyonifundisha?"

"Ulisema vizuri sana. Mimi ndiye niliyekosa neno."

Bi Somoe alifikiri. "Maisha yangu yote sijamwambia mtu kwamba sina hali. Nilizika watoto wawili, sikumwambia mtu. Leo nimemwambia yule kijana. Akacheka."

"Hakucheka. Ni picha."

"Niliona meno."

Alasiri walianza upya, kwa sababu kesho ilikuwa ndiyo mara ya tatu. Sikudhani alipendekeza "taabani," kisha akawaza Kioo kitaligeuza kuwa nini. Akafikiria "hoi." Mbaruku, aliyekuja kusimama dirishani, alisema hoi Kioo kinaweza kulisikia kama mtu anaita.

"Mahututi," alisema Mzee Shomari, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kurudi.

"Mahututi hasemi, babu. Akisema, kitasema huyu si mahututi."

"Basi aseme hajiwezi."

"Asiyejiweza watampeleka Ustawi wa Jamii."

"Huko nako kuna Kioo?"

"Kipo. Walitangulia wao kupewa."

Sikudhani alikuwa ameipenda lugha yake tangu utotoni, bila kuiwazia. Sasa alianza kuliogopa kila neno lililomjia. Aliliokota, akaligeuza upande huu na huu kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, akaliweka chini. Bi Somoe alikuwa anayarudia yote kwa utii, la taabani, la hoi, la kutojiweza, akiyajaribu mdomoni, na baada ya kila moja aliongeza "mwanangu."

Jua lilipoanza kushuka, wodi ikaingia giza, kwa kuwa umeme wa jenereta ulikuwa wa Kioo. Sikudhani aliusogeza mguu kuelekea dirishani ili upate mwanga uliobaki. Mstari wa asubuhi haukuonekana tena. Ulikuwa umezama katika weusi. Alivuta kifuniko cha kalamu kwa meno, akachora mwingine, juu ya kifundo. Alipokuwa anachora, alikibinya kidole kidogo.

"Huyu unamsikia?"

"Nani?" aliuliza Bi Somoe.

Sikudhani alikifunika kidole kwa shuka.

"Tuishie hapo leo," alisema. "Kesho nitakuja mapema, kabla hawajakiwasha. Tutalipata."

"Kesho, mwanangu. Tukiamka."

"Usimsikilize," alisema Mzee Shomari. "Tutaamka. Mimi usiku nitamsomesha. Nikimsalimia akijibu vizuri, namnyima uji."

"Wewe tangu lini ukanisalimia?" alisema Bi Somoe.

Sikudhani aliichomeka kalamu mfukoni, akapita chumba cha kufulia, akapanda juu ya beseni lililogeuzwa na kutoa mguu mmoja dirishani. Makwega alikuwa hapo nje, ameketi karibu na mlango mkuu, anaulinda utepe.

"Habari za kazi, sista?"

"Nzuri," alisema Sikudhani.

Akabaki pale juu ya dirisha, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Ila," alisema.

Lakini Makwega alikuwa ameshaugeukia utepe, anaupangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa, polepole, asije akauchana. Sikudhani akauvuta mguu wa pili, akashuka, akaenda zake. Neno la kesho lilikuwa bado halijapatikana.